Hema, Baridi na Majina Yasiyo na Bin

Kwa jamaa wote wenye asili ya Unguja, Pemba, Mombasa na Lamu, mlioko Muscat, Dubai, London, Portsmouth, Toronto na kwingineko.

Katika mapumziko mafupi ya shule ya mwezi wa Februari tulikwenda kupiga hema. Tulikuwa watu saba: mimi, ndugu yangu, na watoto watano wa nyumba zetu mbili. Hatukwenda mbali. Tulipanda treni ya Elizabeth pale Whitechapel, tukashuka Abbey Wood, ambako njia hiyo hukomea upande wa kusini-mashariki ya London. Kisha tukatembea kwa miguu, kila mtu na mzigo wake mgongoni, hadi kwenye uwanja wa mahema ulio katikati ya miti, si mbali na magofu ya nyumba ya watawa ya Lesnes iliyoanzishwa mwaka 1178. Wakati wa kiangazi pahala hapo hujaa wageni. Februari si msimu wake. Tulikuta magari machache ya kulala, na mahema yalikuwa mawili tu, yote mawili yetu.

Usiku ule joto lilishuka hadi nyuzi 1 chini ya sifuri. Asubuhi kitambaa cha hema kilikuwa kigumu kama ubao kwa sakitu, na pumzi zetu za usiku kucha zilikuwa zimeganda upande wa ndani, zikitudondokea usoni kila mtu alipojigeuza. Tuliketi mlangoni, mablanketi mabegani, tukisubiri maji yachemke kwa ajili ya chai ya tangawizi. Ndipo mtoto wa ndugu yangu, mwenye umri wa miaka tisa, aliponiuliza:

"Ami, babu zetu walipokuwa wakienda safari bara, ndani ya hema alikuwa akilala nani?"

Nilimjibu upesi kwamba ni babu zetu. Kisha nikanyamaza, kwani nilijua kwamba nimempa nusu ya jibu. Makala haya ni nusu ya pili, nami nawaandikieni nyinyi nyote kwa sababu naamini nyumba nyingi miongoni mwetu zina swali hili hili na jibu hilo hilo la nusu.

Chandarua cha Stepney

Hema la kwanza la ukoo wetu katika mji huu halikupigwa msituni. Lilipigwa ndani ya chumba.

Bibi yangu mzaa baba alifika London mwezi wa Januari 1965, mwaka mmoja baada ya Mapinduzi ya Zanzibar ya tarehe 12 Januari 1964. Alikuja kwa meli kutoka Mombasa, akiwa na watoto wanne na masanduku mawili. Babu alikuwa ametangulia, naye alikuwa amepata chumba kimoja cha juu huko Stepney. Chumba kilikuwa na moto wa gesi uliowaka kwa kutumbukiza shilingi katika mita. Shilingi ikiisha, moto ulizimika, hata ikiwa ni saa nane ya usiku na hapana shilingi nyingine ndani ya nyumba. Dirisha lilipitisha upepo, na maji yaliyoachwa katika bilauri karibu na kioo yalikutwa asubuhi yameganda.

Miongoni mwa vitu alivyovitia sandukuni mlikuwa na chandarua. Alikitia kwa mazoea tu, kwani katika nchi aliyotoka hakuna aliyehama nyumba bila chandarua. Stepney ya Januari haikuwa na mbu hata mmoja. Usiku wa pili bibi alikitundika juu ya kitanda, akatandaza juu yake mashuka, kanga na makoti, akawaingiza watoto wote wanne ndani, na yeye akalala ukingoni, upande wa dirisha. Baba yangu, aliyekuwa na umri wa miaka saba, alisema hadi mwisho wa maisha yake kwamba hakupata kulala pahala penye joto kama mle. Walilala hivyo hadi mwezi wa Machi.

Bibi alikisimulia kisa hiki kwa kucheka, lakini kila mara alikimaliza kwa kunyoosha mgongo na kusema: "Sisi si watu wa kulala chini. Wazee wetu walikwenda bara na mahema yao na watu wao." Kisha huongeza ile methali aliyoipenda kuliko zote: mwacha asili ni mtumwa. Nilikua nikiyaamini maneno hayo mawili kwa pamoja, kama mtu anavyoamini kuta za nyumba aliyozaliwa. Ilipita miaka mingi kabla sijajiuliza hao "watu wao" walikuwa akina nani.

Neno moja lililofika London

Lugha yetu imeihifadhi habari hii kwa uaminifu kuliko ukoo. Hema limetoka katika Kiarabu. Baridi limetoka huko huko, na safari vilevile. Lakini mpagazi, yule anayelibeba hema, jina lake limetoka bara, kwa Wanyamwezi, waliokuwa wachukuzi mashuhuri wa njia ya kati tangu zamani. Blanketi limetoka kwa Waingereza. Mtu akisema kwamba mpagazi amebeba hema na blanketi katika baridi, amekwisha kuwataja watu wa pande tatu kwa pumzi moja.

Neno baridi lina kisa chake katika mji huu. Tarehe 11 Mei 1848 mmisionari Johannes Rebmann, akisafiri kutoka upande wa Mombasa kwenda Uchagani, aliona weupe juu ya kilele cha Kilimanjaro. Kiongozi wa msafara wake alikuwa Bwana Kheri, mtu wa pwani aliyeijua njia. Rebmann aliandika kwamba kiongozi wake aliutaja weupe ule kwa neno moja tu: baridi. Pwani kulikuwa na masimulizi kwamba ile ni fedha, na ilisemwa kwamba mtawala mmoja wa Uchagani alipata kupeleka watu wapande wakaichukue. Wengi wakapotea, na aliyerejea alirejea na mikono na miguu iliyoharibika.

Habari za Rebmann zilichapishwa London mwaka 1849. Mwanajiografia William Desborough Cooley, ambaye hakuwahi kukanyaga Afrika Mashariki, alizipinga kwa nguvu. Theluji karibu na ikweta haikumwingia akilini, naye alishikilia msimamo wake kwa miaka. Bwana Kheri hakuwa na jina la theluji, kwa hiyo aliitaja kwa kile inachomfanyia mwili wa mwanadamu, na neno lake lilikuwa sahihi kuliko kitabu cha bingwa wa London.

Sisi wahamiaji tumezoea kujisimulia kwamba baridi tulikutana nayo Uingereza, siku tuliyoshuka melini au kwenye ndege. Sivyo. Watu wa pwani yetu walikwisha kukutana nayo zaidi ya miaka mia moja kabla ya bibi yangu, katika milima ya bara, na aghalabu walikutana nayo wakiwa wamebeba hema lililoshonwa hapa hapa London.

Duka la Duke Street

Ng'ambo ya kusini ya daraja la London, katika mtaa wa Duke Street, palikuwa na duka la Benjamin Edgington, mshonaji mahema. Jina hilo lilijulikana kwa kila msafiri tajiri wa zama za Malkia Victoria. Duka hilo lilishona mahema ya wapanda milima ya Alps, na baadaye, katika miaka ya 1920, ya wale waliojaribu kuupanda Everest. Henry Morton Stanley alipojiandaa kwa safari ya kumfuata Emin Pasha mwaka 1887, mahema yake yalitoka Duke Street. Kitambaa kilichovywa katika dawa ya salfeti ya shaba ili kisioze. Stanley aliandika baadaye kwa furaha kwamba hema lake lilipita katika siku 300 za mvua, na lilipofika Zanzibar mwaka 1889 lilikuwa bado na nguvu ya kustahimili mvua ya siku 200 nyingine.

Hiyo ni sifa kubwa kwa fundi wa London. Lakini, ndugu msomaji, isome hesabu hiyo kwa jicho la mtu wa pwani. Hema halitembei. Tarehe 25 Februari 1887 Stanley aliondoka Zanzibar kwa meli ya Madura, akiwa na Wazanzibari zaidi ya 600, wakaizunguka Rasi ya Tumaini Jema hadi mdomo wa mto Kongo, na kutoka hapo wakalikata bara hadi pwani ya mashariki. Chini ya nusu ya watu hao ndio waliorudi kwao. Kitambaa kilipakwa dawa kisioze. Waliokibeba hawakupakwa chochote.

Kazi yao ilikuwa na kanuni zake, zilizojulikana na kila nyumba ya Mji Mkongwe. Mzigo wa mtu mmoja ulikuwa kiasi cha frasila mbili, yaani ratili 70 hivi, juu ya kichwa au begani. Ujira wa mpagazi wa pwani ulikuwa riale 5 kwa mwezi, na sehemu ililipwa kabla ya safari. Chakula kilikuwa posho, kibaba cha nafaka kwa siku, au kitambaa na shanga za kununulia. Msafara ulipofika kituoni, hema la mkubwa lilisimamishwa kwanza. Baada ya hapo wapagazi walikata matawi na majani wakajijengea vibanda, na baadhi yao walikuwa na vijihema walivyoshona wenyewe kwa merikani. Waligawanyika katika makundi madogo, kila kundi na chungu chake, na kundi la namna hiyo liliitwa kambi. Kwa hiyo kwao kambi haikuwa uwanja wa mahema tu. Ilikuwa ni wale unaokula nao na kulala nao ubavu kwa ubavu ili mpate joto.

Karatasi ya mwaka 1301

Sasa narudi nyumbani. Shangazi yangu mkubwa alipofariki, tuliufungua mkoba wake wa karatasi. Mlikuwa na barua, hati za mashamba ya karafuu, picha, na karatasi moja ya hesabu, imeandikwa kwa herufi za Kiarabu na lugha ya Kiswahili. Mwaka wake ni 1301 Hijria, yaani kati ya Novemba 1883 na Oktoba 1884. Aliyeiandika ni babu wa babu yangu. Ni orodha ya watu watano waliokwenda bara na msafara wa Mzungu, pamoja na ujira wa miezi mitatu uliotangulizwa. Kila mstari una jina, kisha riale 15, kisha mgawanyo: saba na nusu kwa mwenyewe, saba na nusu "kwetu".

Nililisoma neno hilo mara nyingi. Babu hakubeba mzigo wala hakutoka Unguja. Alipokea nusu, na sababu ni moja: watu wale walikuwa watumwa wake. Hii ilikuwa desturi ya mji. Wenye watumwa waliwakodisha kwa misafara ya bara na kuchukua sehemu ya ujira wao, na wengi waliohesabiwa na Wazungu kuwa wapagazi wa kulipwa walikuwa na bwana aliyekuwa akingoja fungu lake Zanzibar. Soko la watumwa lilifungwa kwa mkataba wa Juni 1873, katika utawala wa Sayyid Barghash, lakini utumwa wenyewe haukuondolewa nguvu ya sheria katika Zanzibar hadi Aprili 1897. Karatasi yetu imeangukia katikati ya miaka hiyo miwili, wakati mtu hakuweza tena kununuliwa sokoni lakini aliweza bado kumilikiwa nyumbani.

Kuna jambo jingine katika karatasi ile lililonikosesha usingizi. Sisi katika ukoo huu tunahesabu nasaba hadi mababu tisa, fulani bin fulani bin fulani, hadi kijiji kimoja cha Oman. Watoto wetu wa miaka sita wanaweza kuitaja. Watu wale watano wana jina moja moja tu, la aina ya yale waliyopewa watumwa kwa kutarajia heri na baraka. Hawana bin hata moja. Baba zao walikuwepo, bila shaka, na waliwapa majina mengine, katika lugha nyingine, mahali ambapo karatasi haikutaja. Methali ya bibi ilinigeukia. Mwacha asili ni mtumwa, tunasema. Watu hawa hawakuiacha asili yao. Walinyang'anywa, na aliyeifuta kwa kalamu ni babu yetu.

Nilingoja miaka miwili kabla ya kuliandika hili. Mzee mmoja wa ukoo, ambaye namheshimu sana, alinisihi nisilifungue. Alisema yaliyopita si ndwele. Namwelewa. Familia zetu zilipoteza nyumba, mashamba na watu mwaka 1964, na mtu aliyejeruhiwa hapendi kuambiwa kwamba na yeye ana deni. Lakini kila mwaka, inapofika Januari, sisi huomba dunia isiwasahau watu wetu. Tunataka majina yao yatajwe. Sijui tutaomba kwa uso gani ikiwa majina matano yamo ndani ya mkoba wetu wenyewe na hatutaki kuyasoma. Nami ndwele sijaona ikigangwa kabla haijatajwa.

Watu wa joto katika milima ya theluji

Katika maelfu ya watu wa pwani waliobeba mahema ya Wazungu, wachache sana wamebaki na majina katika vitabu. Mmoja wao ni Mwini Amani wa Pangani, na kwa ajili ya makala haya yeye ndiye mkubwa wa wote.

Tarehe 6 Oktoba 1889 Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walifika kilele cha Kilimanjaro. Kambi yao ya juu ilikuwa kwenye mwinuko wa zaidi ya meta 4,300, juu ya msitu, pahala pa mawe na upepo, ambapo usiku maji huganda. Wapagazi wengine walirudi chini Marangu, wakawa wanapanda kila baada ya siku chache kuleta chakula. Mwini Amani alibaki juu pamoja na wale wawili, siku baada ya siku. Meyer mwenyewe alimtaja kwa sifa katika kitabu chake, ambacho tafsiri yake ya Kiingereza ilitolewa London mwaka 1891. Mfikirie mtu wa Pangani, mji wa minazi na mdomo wa mto, ambaye maisha yake yote shuka moja ilimtosha, akilinda hema na moto katika baridi ile wakati wenye safari wamepanda kuelekea kwenye barafu. Wazungu wawili waliingia katika historia kwa siku moja waliyofika kileleni. Yeye alikuwa na siku zote nyingine.

Miezi minne kabla yake, Juni 1889, Luteni William Stairs wa msafara wa Stanley alikuwa ameupanda Ruwenzori pamoja na Wazanzibari hadi futi 10,677. Miaka kumi baadaye Halford Mackinder alichukua wapagazi Waswahili katika safari yake ya Mlima Kenya. Yeye na viongozi wake wa milima, César Ollier na Joseph Brocherel, walifika kileleni tarehe 13 Septemba 1899, na mwaka uliofuata alisimulia habari hiyo mbele ya Jumuiya ya Kifalme ya Jiografia, hapa London. Hapo tena waliokaa chini ya kilele, kambini, hawakualikwa kusimulia.

Jumuiya hiyo hiyo, kwa haki, ilipata kuwakumbuka baadhi yao mapema. Mwili wa David Livingstone ulipozikwa Westminster Abbey tarehe 18 Aprili 1874, ilitengeneza medali 60 za fedha kwa ajili ya watu walioubeba mwili huo kutoka bara hadi pwani. Abdullah Susi na James Chuma waliletwa Uingereza mwaka huo, wakamsaidia Horace Waller kuzitayarisha kwa uchapaji shajara za mwisho za bwana wao. Baada ya hapo kukawa kimya kirefu. Mwaka 2007 Jumuiya ilifanya maonyesho juu ya wale walioitwa Waafrika wa Bombay, na mwaka 2009 ikafanya mengine juu ya historia zilizofichika za uvumbuzi, ikiwaweka mbele viongozi wa njia, wakalimani na wapagazi.

Nilikwenda na baba katika maonyesho ya 2009, katika jengo lao la Kensington. Alikwisha kuwa mzee na alitembea kwa fimbo. Alisimama kwa muda mrefu mbele ya picha za watu wa pwani, kisha akasema kwa sauti ndogo: "Hawa ndio wale aliokuwa akiwasema mama." Hakusema zaidi. Wakati ule hatukuwa tumeiona karatasi ya 1301, nami nilidhani amefurahi. Leo nadhani alikuwa ameanza kujiuliza.

Mshonaji aliyelitia hema mgongoni

Ilikuwaje basi hema, mzigo wa watumwa na wapagazi, likawa starehe ya mwisho wa wiki ya watu wa London? Habari hiyo inamhusu zaidi Thomas Hiram Holding, mshonaji nguo wa mji huu. Alipenda kusafiri kwa baiskeli, na alitumia ufundi wake kushona mahema mepesi ambayo mtu mmoja angeweza kuyakunja na kuyafunga kwenye baiskeli yake. Mwaka 1901 yeye na wenzake wachache walianzisha chama cha wapiga hema wa baiskeli, na mwaka 1908 alitoa kitabu cha mwongozo kilichosomwa na wengi. Mwaka 1919 maskauti nao walipata uwanja wao wa Gilwell, karibu na Chingford, ukingoni mwa msitu wa Epping. Mwanzilishi wao, Robert Baden-Powell, alimalizia maisha yake Nyeri, akafariki tarehe 8 Januari 1941 na kuzikwa huko, penye kuonekana Mlima Kenya.

Jambo alilolifanya Holding laonekana dogo, nami naliona kubwa. Kabla yake hema la msafiri wa mbali lilishonwa kwa kudhani kwamba yuko mtu mwingine wa kulibeba. Yeye alilishona kwa kudhani kwamba atalibeba mwenyewe.

Ndiyo maana pale Abbey Wood tuliweka sharti moja: kila mmoja abebe chake, hata mdogo wa miaka sita, ambaye alibeba vigingi na sufuria. Baridi iliwafundisha mengine kuliko mimi. Walitambua kwamba hema halina joto lake. Huzuia upepo na mvua tu, na joto ni lile unaloingia nalo. Walitambua kwamba ardhi hunyonya joto la mwili zaidi ya hewa, kwa hiyo kinachowekwa chini ya mgongo ni muhimu kuliko kinachowekwa juu ya kifua. Walijaribu kuziba kila tundu, wakaamka wameloa kwa pumzi zao wenyewe, na usiku wa pili wakaacha upenyo juu ya mlango. Walitaka kuingiza jiko ndani, nikawakataza kabisa, kwani moto wa mkaa au gesi ndani ya hema hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu ambayo humwua mtu usingizini. Usiku ule wa pili, bila kuambiwa, waliviunganisha vitanda vyao vya sponji wakalala wote watano ubavu kwa ubavu. Wapagazi wangeitambua kambi hiyo. Bibi pia angeitambua.

Asubuhi ya mwisho nilitoa nakala ya ile karatasi ya hesabu, nikawaeleza ni nini, bila kupunguza. Nikawaambia kwamba ndani ya hema alilala Mzungu, nje katika kibanda cha majani walilala hawa, na nyumbani Unguja, kitandani, alilala babu yetu na nusu ya ujira wao. Kisha nikayasoma majina matano, moja moja. Yule wa miaka tisa alisikiliza hadi mwisho, akasubiri kidogo, akauliza: "Bin nani?" Aliuliza kama tulivyomfundisha kuuliza. Nilimwambia kwamba haikuandikwa.

Tumekwisha kuyaandika majina hayo katika shajara ya ukoo wetu, katika ukurasa wake, pamoja na mwaka na hesabu kama ilivyo. Sikuyaweka hapa, kwani huenda wana wajukuu mahali fulani, Unguja au bara au katika mtaa wa pili hapa London, na ni haki yao kuyapokea mkononi kabla hayajasomwa na kila mtu. Yeyote mwenye kuhisi kwamba ni wazee wake, karatasi iko kwangu na mlango uko wazi.

Nanyi jamaa, mkobani mwenu mkikuta hesabu za namna hiyo, msizirudishe chini ya hati za mashamba. Zipigeni picha kabla wino haujafifia. Zipelekeni kwa anayesoma herufi zile. Someni majina kwa sauti mbele ya watoto, na mtoto akiuliza "bin nani", msimwambie anyamaze. Mwakani, nje ya msimu tena, tutapiga hema pale pale, inshallah, na karatasi nitakuwa nayo.